Swali la Leo: miaka mitatu, tarehe moja. Kwa nini tarehe zinagongana hivi?

#1 Daftari366
Wakuu, habari za muda huu.

Nina daftari la kurasa 366, ukurasa mmoja kwa kila tarehe, na 29 Februari nayo ina wake. Nikisoma tukio lenye tarehe ya uhakika, nalifungulia ukurasa wake: mwaka kushoto, maneno machache kulia. Huu ni mwaka wa sita. Humo ndimo ninamotoa Swali la Leo kwa kikundi chetu. Natupa miaka mitatu na dokezo kwa kila mmoja, wenzangu wanataja tarehe.

Mfano wa majuzi: 1937, ndege za kivita zaushambulia mji wa Guernica huko Hispania. 1964, nchi mbili zaungana na kuwa moja Afrika Mashariki. 1986, kinu namba 4 cha Chernobyl chalipuka. Jibu: 26 Aprili. Wengi waliingilia mlango wa 1964, ila dada mmoja aliipata kupitia Guernica, nikamvulia kofia.

Kilichonileta hapa ni hiki: kurasa zinagongana kupita nilivyotarajia. Darwin na Lincoln walizaliwa siku moja, 12 Februari 1809. Rais Kennedy wa Marekani na waandishi Aldous Huxley na C. S. Lewis walifariki siku moja, 22 Novemba 1963. Waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania, 23 Aprili 1616. Na lile linalonikosesha usingizi: John Adams na Thomas Jefferson, wote marais wastaafu wa Marekani, wote walishiriki kuandaa Azimio la Uhuru, wakafariki siku moja 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu Azimio lipitishwe. Miaka mitano baadaye Monroe, rais mstaafu mwingine, naye akafariki 4 Julai.

Mimi naamini kuna kitu zaidi ya bahati. Nani ana maelezo?

#2 BintiHesabu
Mkuu, kabla ya kwenda mbali tuhesabu kwanza. Vyumba ni 366, wageni ni maelfu. Ukikusanya watu 23 tu, uwezekano wa wawili kati yao kuwa na siku moja ya kuzaliwa ni asilimia 50.7. Wakifika 57 ni asilimia 99. Ukitaka watatu wa tarehe moja, kama unavyotaka kwenye swali lako, watu 88 wanatosha kuvuka nusu.

Daftari lako lina matukio mangapi? Yakiwa 3,660 tu, kila ukurasa unapata wastani wa 10. Ukurasa mtupu ndio ungenishangaza.

Halafu wewe ndiye unayechagua. Unatoa matatu yanayopendeza yakikaa pamoja, yale mengine saba unayaacha yamelala.

#3 Nahodha_NchiKavu
BintiHesabu anahesabu kana kwamba historia inarusha dadu. Tarehe nyingi zimegongana kwa sababu kuna mtu aliyekaa na kalenda mkononi akazigonganisha.

Chukua 2 Desemba. 1804 Napoleon anavikwa taji. 1805 anashinda vita vya Austerlitz. 1851 Louis-Napoléon, mtoto wa nduguye, anapindua serikali, na tarehe aliichagua makusudi ili jina la Bonaparte limsaidie. Mwaka uliofuata, 2 Desemba tena, akatangazwa mfalme mkuu. Bahati iko wapi hapo?

India ilipata uhuru 15 Agosti 1947 kwa sababu Mountbatten, mtawala wa mwisho wa Waingereza kule, aliitaka siku ya kumbukumbu ya Japani kusalimu amri, 15 Agosti 1945. Katiba ya Afrika Kusini ilitiwa saini Sharpeville 10 Desemba 1996, siku ya haki za binadamu duniani. Watu wanapanga, mkuu. Ukipanga, tarehe zitagongana tu.

#4 MzeeWaKalenda
Daftari366, kazi yako ni njema sana, lakini 23 Aprili 1616 ifutie au iwekee alama.

Hispania ilihamia kalenda ya Papa Gregory XIII mwaka 1582. Watu walilala Alhamisi 4 Oktoba wakaamka Ijumaa 15 Oktoba. Uingereza ilikataa, ikabaki na kalenda ya Julius hadi 1752, ilipolala Jumatano 2 Septemba ikaamka Alhamisi 14 Septemba. Kwa hiyo 23 Aprili aliyofia Shakespeare, kule Hispania ilikuwa 3 Mei. Na Cervantes mwenyewe alikata roho 22 Aprili, 23 ndiyo siku ya maziko yake. Kati ya vifo hivyo viwili kuna siku 11.

UNESCO waliichukua tarehe hiyo kuwa siku ya vitabu duniani tangu 1995 na ni jambo zuri, ila haiwafanyi wawili hao kuwa wamekufa siku moja.

#5 Msafiri_Taratibu
Duh. Hili la Shakespeare nimelisimulia watu zaidi ya mara moja. Asante Mzee.

#6 Daftari366
@MzeeWaKalenda shukrani. Nimefungua ukurasa wa 23 Aprili sasa hivi, nimepiga mstari mmoja juu ya "1616" na pembeni nimeandika "3 Mei kwa kalenda ya Hispania". Sijafuta kabisa, kwa sababu nataka kukumbuka kwamba niliamini.

@BintiHesabu na @Nahodha_NchiKavu nimewasoma. Lakini Adams na Jefferson hawakuchagua siku ya kufa, na si matukio mawili kati ya maelfu. Ni watu wawili waliojuana miaka 50, wakagombana, wakapatana, wakaandikiana barua mpaka uzeeni. Jefferson alifariki Virginia karibu saa 7 mchana akiwa na miaka 83. Adams alifariki Massachusetts jioni ileile akiwa na 90. Hapo hesabu inasema nini?

#7 Muuguzi_wa_Zamu
Naomba niongezee kutoka kazini. Nimeuguza watu miaka 19. Nimewaona wazee wanaoulizia tarehe. Kuna mama mmoja alikuwa anamsubiri binti yake atoke safari. Kila nikiingia kumgeuza ananiuliza, "Leo tarehe ngapi, mwanangu?" Namwambia. Ananyamaza, anahesabu kwa vidole juu ya shuka. Binti alifika Jumamosi asubuhi, mama akaondoka Jumamosi usiku.

Jefferson naye inasimuliwa kwamba usiku wa tarehe 3 alikuwa anauliza kama imekwishafika 4. Mimi siwezi kumwambia mtu kwamba mwili hausikilizi.

#8 BintiHesabu
@Muuguzi_wa_Zamu pole kwa kazi, na nimeguswa na huyo mama. Lakini nikuulize kwa heshima: waliokuwa wanasubiri wakaondoka siku mbili kabla, unawakumbuka kwa idadi hiyohiyo? Watafiti wamewahi kuhesabu vifo kabla na baada ya sikukuu na siku za kuzaliwa. Wa mwanzo waliona kama watu wanajizuia kidogo. Waliokuja kuhesabu upya kwa rekodi nyingi zaidi hawakuliona hilo.

#9 Muuguzi_wa_Zamu
Nawakumbuka. Ni wengi pia. Lakini huyo mmoja nilimwona.

#10 KalamuNyekundu
Marekebisho madogo kuhusu 4 Julai. Bunge la makoloni lilipigia kura uhuru 2 Julai 1776. Tarehe 4 ndiyo siku maandishi ya Azimio yalipopitishwa, na wengi wa wajumbe waliweka saini 2 Agosti. Adams mwenyewe alimwandikia mkewe akiamini 2 Julai ndiyo itakayosherehekewa na vizazi vijavyo.

Kama ukurasa huo una Louis Armstrong, yule mwanamuziki, mtoe. Alisema maisha yake yote kwamba alizaliwa 4 Julai 1900. Baada ya kifo chake cheti cha ubatizo kikaonesha 4 Agosti 1901.

#11 Daftari366
Armstrong yumo. Alikuwemo.

#12 Msafiri_Taratibu
Mkuu, kwa kasi hii daftari litabaki jalada 😄

#13 Nahodha_NchiKavu
Armstrong ananiunga mkono mimi. Hata siku ya kuzaliwa watu huichagua. Tenzing Norgay, aliyefika kilele cha Everest pamoja na Hillary 29 Mei 1953, hakuijua tarehe yake ya kuzaliwa. Akaichukua 29 Mei kuwa yake. Ukiandika kwenye daftari "alizaliwa 29 Mei, akapanda Everest 29 Mei" utasema maajabu, kumbe moja limezaliwa na lingine.

Ukurasa huohuo una kuanguka kwa Constantinople, 29 Mei 1453, miaka 500 kamili kabla ya Everest.

#14 MzeeWaKalenda
29 Mei 1453 ni kwa kalenda ya Julius. Ukihesabu kwa kalenda ya leo inasogea siku 9 mbele, inakuwa 7 Juni. Miaka 500 si kamili tena.

#15 Nahodha_NchiKavu
Mzee ukiingia kwenye uzi tarehe zinaanza kutembea zenyewe 😄

#16 DadaMapacha
Mimi nina kisa cha nyumbani. Wanangu ni mapacha. Wa kwanza alizaliwa saa 5:48 usiku, wa pili saa 6:11. Mtu na nduguye wa tumbo moja, tarehe mbili. Kila mwaka ni mjadala kama sherehe iwe moja au mbili, na mdogo anashika kweli tarehe yake, hataki kupewa ya mwenzake. Sasa huwa najiuliza matukio ya usiku mnayaweka ukurasa gani.

#17 Dira_ya_Kale
@DadaMapacha hapo umefungua kisima. Chukua usiku wa 14 Aprili, mara mbili.

1865: Lincoln anapigwa risasi ukumbini Washington kama saa 4:15 usiku. Wanambeba kuvuka barabara hadi nyumba ya mkabala. Kitanda kilichokuwepo ni kifupi na yeye ni mtu mrefu, ikabidi alazwe mshazari, kichwa pembe moja na miguu pembe nyingine. Wakakesha naye. Anafariki saa 1:22 asubuhi, 15 Aprili.

1912: Titanic inagonga barafu saa 5:40 usiku, 14 Aprili. Inazama saa 8:20, 15 Aprili.

Mikasa miwili, yote miwili imeanzia ukurasa mmoja ikaishia unaofuata. Ndiyo maana naipenda lugha yetu, ina "usiku wa kuamkia". Usiku wa kuamkia 15 Aprili. Hapo umeusema usiku wote bila kuukata vipande.

#18 Bingwa_wa_Mitaa
Niliwahi kunyimwa pointi kwa sababu ya usiku. Tulikuwa kwenye shindano la chemsha bongo, timu yetu imefungana na nyingine, swali la mwisho: mwanadamu alikanyaga mwezi tarehe gani? Nikajibu 21 Julai 1969. Msimamizi akasema kosa, ni 20. Nikajaribu kueleza, akageuza karatasi, mchezo ukaisha.

Ukweli ni kwamba chombo kilitua 20 Julai saa 2:17 usiku kwa saa za Greenwich. Armstrong (yule wa mwezini) alishusha mguu zaidi ya saa sita baadaye, saa 8:56 usiku, ambapo Greenwich ilikuwa tayari 21 Julai. Mashariki mwa Marekani bado ilikuwa 20, saa 4:56 usiku. Aliyekuwa macho Afrika Mashariki aliambiwa saa 11:56 alfajiri ya 21. Jibu langu lilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa ya dunia.

#19 KalamuNyekundu
Na Pearl Harbor vivyo hivyo: Hawaii 7 Desemba 1941, Japani 8 Desemba. Ujerumani kusalimu amri: amri ilianza kutumika usiku sana wa 8 Mei 1945, Moscow imeshaingia 9. Hadi leo Ulaya magharibi inaadhimisha 8, Urusi 9. Chernobyl iliyo kwenye #1 ilikuwa saa 7:23 usiku wa 26 Aprili kwa saa za kule. London ilikuwa bado 25.

Kanuni ninayofuata mimi: tarehe ya mahali tukio lilipotokea. Ila kwa mwezini haisaidii, nakubali.

#20 Bingwa_wa_Mitaa
Nishukuru hata kwa hiyo nusu.

#21 TafsiriSanifu
Kwa kuwa mmegusa saa, watunga maswali naomba muwe makini na 11 Novemba 1918. Nimeliona mara nyingi: "vita vilisimama saa kumi na moja ya siku ya kumi na moja ya mwezi wa kumi na moja". Linasikika vizuri, lakini msomaji wa Kiswahili akisoma saa kumi na moja anaelewa alfajiri au jioni. Silaha zilinyamaza saa 5 asubuhi. Mapatano yenyewe ndiyo yaliyotiwa saini alfajiri, baada ya saa 11 kwa saa yetu. Ukichanganya, umewaua upya watu waliokufa kati ya saa hizo mbili, kwa sababu mapigano yaliendelea mpaka dakika za mwisho.

#22 Msafiri_Taratibu
Hilo sikuwahi kulifikiria kabisa.

#23 SabaKwaSaba
Mmesahau sababu nyingine: namba zenyewe. Watu wanapenda tarehe inayotamkika. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, ndiyo Saba Saba ya Tanzania. Kenya, 7 Julai 1990, wapinzani wakaitisha mkutano Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi, viongozi wao Matiba na Rubia wakakamatwa siku chache kabla, watu wakaenda hivyohivyo. Nayo ikaitwa Saba Saba. Uchina ikafungua Olimpiki 8/8/2008 kwa kuwa nane kwao ni namba ya heri. Maandamano makubwa ya Burma yalipangwa 8/8/1988 na yanaitwa kwa namba hiyo mpaka leo.

Tarehe yenye mdundo huvuta matukio. Ukurasa wa 7 Julai lazima ujae kuliko wa 23 Julai.

#24 Nahodha_NchiKavu
Swali ni kama Saba Saba ya Kenya ilisikia mwangwi wa ile ya Tanzania au ni mwezi wa saba tu umekutana na siku ya saba. Mimi nasema mwangwi.

#25 BintiHesabu
Mimi nasema mwezi wa saba. Ila 23 Julai, mkuu, ni mapinduzi ya Misri ya 1952. Haiko tupu.

#26 Dira_ya_Kale
Kuna aina ambayo hakuna aliyeitaja: maadhimisho kuzaa tukio jipya. Si bahati, wala si mtu kuchagua tarehe kwa mapenzi.

6 Oktoba 1973 majeshi ya Misri yanavuka Mfereji wa Suez. Kila mwaka baada ya hapo kuna gwaride. 6 Oktoba 1981 Sadat amekaa jukwaani kuangalia gwaride hilohilo, wanajeshi wanaruka kutoka kwenye lori na kumuua. Tukio la pili lisingekuwa siku hiyo bila la kwanza.

Ujerumani, 9 Novemba. 1918 kujiuzulu kwa Kaiser kunatangazwa. 1923 jaribio la Hitler la kupindua serikali linazimwa Munich. 1938 viongozi wa Nazi wamekusanyika Munich kwa kumbukumbu ya hiyo 1923, inafika habari ya kifo cha ofisa wa ubalozi aliyepigwa risasi Paris, na kutoka kwenye mkusanyiko huo inatoka ishara ya kuchoma masinagogi usiku uleule. Kamba imetoka mwaka mmoja hadi mwingine.

Lakini 1989, ukuta wa Berlin, ni kosa la msemaji. Utaratibu mpya wa kusafiri ulipaswa kuanza 10 Novemba. Schabowski anaulizwa na waandishi unaanza lini, anapekua karatasi, anajibu kwamba mara moja. Watu wakaenda mpakani usiku huohuo. Kama angesoma vizuri, pengine ukuta ungekuwa ukurasa wa 10. Tarehe moja, sababu mbili tofauti kabisa. Na kwa sababu ya uzito wa 1938, taifa lao liliichukua 3 Oktoba kuwa siku ya muungano badala ya 9 Novemba.

#27 Daftari366
@Dira_ya_Kale huu mchango nitaunakili. Nilikuwa nikiandika 1918, 1923, 1938, 1989 kwa mstari mmoja kana kwamba ni ndugu. Sasa naona ni majirani tu, wengine wana undugu na wengine hawana.

#28 MzeeWaKalenda
Ongeza: 6 Oktoba 1973 ilikuwa pia 10 Ramadhani 1393, na kwa Wayahudi ilikuwa Yom Kippur. Siku moja, kurasa tatu. Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, mwenye daftari la Hijria atapata majirani tofauti kabisa na wako. Mwenye daftari la Ethiopia naye hivyohivyo: wao wana miezi 13, na waliukaribisha mwaka 2000 wao tulipokuwa 12 Septemba 2007. Ukisema kuna kitu ndani ya tarehe, Daftari366, ni ndani ya tarehe ya kalenda ipi?

#29 Mwl_Mstaafu
Swali zuri Mzee. Mimi si wa kueleza kwa nini, mimi ni wa darasani. Nimetumia maswali ya aina hii miaka mingi kuanzia kipindi, dakika tano za mwanzo. Nilichojifunza ni kuhusu madokezo.

Usiweke dokezo jepesi kwanza. Mkuu aliweka Muungano katikati, ndiyo maana wengi waliingilia hapo. Weka lile gumu juu: "1960, nchi hii ndogo ya Afrika Magharibi iliyotawaliwa na Wajerumani kisha Wafaransa yapata uhuru." Waache wanong'one. Kisha: "1961, nchi nyingine ya ukanda huo, mbali zaidi upande wa magharibi, yenye mji ulioanzishwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, yapata uhuru." Mikono inaanza kwenda juu na kushuka. Mwisho: "1994, foleni ndefu za wapiga kura, wengi wao mara ya kwanza maishani." Hapo darasa zima linasimama. Togo, Sierra Leone, Afrika Kusini: 27 Aprili. Hawaisahau tena, na wamebeba Togo na Sierra Leone ambazo wasingezisoma kwa hiari.

#30 KalamuNyekundu
Mwalimu heshima yako. Nyongeza: Afrika Kusini upigaji kura ulianza 26 Aprili kwa wagonjwa, wazee na makundi maalumu, ukaendelea hadi 29. 27 ndiyo siku kuu na ndiyo sikukuu yao. Kwa hiyo 1994 ingeweza kuingia hata kwenye ukurasa wa #1, pamoja na Guernica.

#31 Mkimya_Kidogo
Nimesoma tangu mwanzo, sikutaka kuandika. Daftari366, kwenye kikundi chenu (nami nimo, nasoma tu) uliwahi kuweka swali la 7 Aprili. 1948 kuanza kwa Shirika la Afya Duniani. 1972 kuuawa kwa Mzee Karume. 1994 kuanza kwa mauaji ya kimbari Rwanda. Kuna mtu alijibu ndani ya dakika moja akaweka alama za kushangilia.

Hakukosea sheria za mchezo. Lakini kuna nyumba ambazo tarehe hiyo hazihitaji dokezo. Naomba ulifikirie.

#32 Daftari366
Nimekuelewa, na nakuomba radhi hapa hadharani. Nilipoliandika niliangalia namna miaka inavyokaa vizuri, 1948, 1972, 1994. Sikuangalia mtu atakayeisoma asubuhi hiyo. Swali hilo silirudii kwa mtindo ule.

#33 Mwl_Mstaafu
Naheshimu neno la Mkimya_Kidogo. Ila mimi nisingeuacha ukurasa huo. Vijana wangu wengi walisikia 7 Aprili 1994 kwa mara ya kwanza kwenye swali. Nilichofanya ni kuitoa kwenye mashindano: tarehe kama hizo hazina pointi. Naandika mwaka mmoja tu ubaoni, tunazungumza.

#34 Mkimya_Kidogo
Mwaka mmoja peke yake, sawa. Ni kule kuuweka kwenye foleni na mingine ndiko kunakoniuma.

#35 Nahodha_NchiKavu
Basi je, 26 Aprili yenyewe? Guernica na Chernobyl nazo ni misiba, na hatukusita.

#36 BintiHesabu
Umbali, labda. Lakini sipendi jibu langu hilo.

#37 MtotoWaMwakaMrefu
Naingia kwa jambo jepesi. Nimezaliwa 29 Februari. Asante mkuu kwa kutupa ukurasa, programu nyingi za simu zinatusukuma 28 au 1 Machi. Je, ukurasa wetu una nini zaidi ya kuzaliwa kwa Rossini, mtunzi wa muziki, 1792?

#38 Daftari366
Karibu sana. Una Rossini, na 1504 una Columbus: yuko Jamaika, hana vyakula, anajua kutoka kwenye majedwali yake kwamba mwezi utapatwa, anawatisha wenyeji nao ili wamletee chakula. Ukurasa wenu una mistari michache kuliko yote.

#39 BintiHesabu
Na unapaswa kuwa hivyo, kama robo ya mingine. Mnaona? Kama tarehe zingevutana kwa nguvu nyingine, 29 Februari isingetii hesabu.

#40 Nahodha_NchiKavu
Au watu wanaopanga hawapangi siku isiyorudi kila mwaka. Nani ataitangazia nchi uhuru 29 Februari?

#41 Dira_ya_Kale
Mfano mmoja wa kuwasumbua nyote wawili. Gagarin, mtu wa kwanza kwenda anga za juu, aliruka 12 Aprili 1961. Chombo cha anga cha Columbia cha Marekani kiliruka mara ya kwanza 12 Aprili 1981, miaka 20 kamili. Ukimwuliza Nahodha atasema wamepanga. Hawakupanga: ilikuwa iwe 10 Aprili, kompyuta zikashindwa kwenda sawa, ikasogezwa siku mbili. Ukimwuliza BintiHesabu atasema nafasi moja kati ya 366. Sawa. Lakini kwa nini ndiyo hiyo?

#42 MzeeWaKalenda
Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu sina cha kusahihisha. Zote mbili kalenda mpya.

#43 Daftari366
Nilianza nikiwa na hakika moja, sasa nina maelezo matano na hakuna lililoniacha mtulivu, hasa kuhusu Adams na Jefferson. Naendelea na daftari. Nimeongeza safu ya tatu pembeni: "bahati", "limepangwa", "limezaliwa na", "kalenda". Ukurasa wa 4 Julai safu hiyo nimeiacha wazi.

Swali la leo, gumu juu kama alivyofundisha Mwalimu. 1979, serikali ya mwisho ya Shah yaanguka Iran. 2011, rais aliyetawala karibu miaka 30 ang'oka kwa nguvu ya watu waliojaa uwanjani. 1990, mtu atembea kwa miguu kutoka gerezani, mkewe pembeni, ngumi juu, baada ya miaka 27.

#44 Bingwa_wa_Mitaa
11 Februari! Iran, Mubarak, Mandela. Na safari hii sitaki kusikia habari za saa za Greenwich.

#45 Mwl_Mstaafu
Sahihi. Safu ya tatu unaandika nini hapo, mkuu?

#46 Daftari366
Nimeshika kalamu tangu saa ile.

#47 KalamuNyekundu
Kabla hujaandika, ukurasa huo una Lourdes pia, yale masimulizi ya kutokewa na Bikira Maria kule Ufaransa, 1858. Umeiweka?